Uzamivu wa takwimu ukiwa Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili, kuanzia hesabu hadi kutetea tasnifu

Vijana wengi wa huku kwetu wanaotaka PhD ya takwimu huanza na swali moja: "Kaka, ufadhili unapatikana wapi?" Swali ni halali, ila limewahi mno. Fedha humfuata mtu ambaye tayari ana hisabati ya kutosha, ana swali la utafiti linaloeleweka na ana profesa anayemtaka. Anayetanguliza fedha hujikuta anajaza fomu mwaka hadi mwaka, na barua zinazorudi zote zinamshukuru kwa kuomba. Kwa hiyo nitafuata mpangilio wa kazi yenyewe: hesabu zako, swali lako, msimamizi, fedha, halafu makaratasi. Jina la chuo litajileta lenyewe huko katikati.

Ninawalenga watu ninaokutana nao Mbeya, Iringa na Njombe: mwalimu wa hisabati wa sekondari aliyepita chuo cha Mkwawa, mkufunzi msaidizi wa chuo, afisa takwimu wa halmashauri, na wale wanaosimamia data kwenye miradi ya afya na kilimo.

Kwanza, una uhakika ni takwimu?

Uzamivu wa takwimu unahusu mbinu. Unatengeneza njia ya kukadiria kitu, au unaonyesha kwamba njia inayotumika inadanganya katika hali fulani, kisha unathibitisha kwa hesabu. Kama moyo wako uko kwenye kujua kwa nini watoto wanadumaa, nenda epidemiolojia au afya ya jamii, na huko takwimu itakuwa chombo chako. Kama unataka kujenga mifumo inayotabiri bei au kutambua picha, sayansi ya kompyuta itakufaa zaidi. Na kama lengo ni kupanda daraja kwenye halmashauri, uzamili unatosha, usijitese.

Anayetaka kufundisha chuo kikuu nchini aangalie pia namba zake mapema. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza kwa mkufunzi msaidizi, na 4.0 ya uzamili kwa mhadhiri msaidizi. Vyuo vya nje havina ukali wa namna hiyo kwenye desimali. Mtu mwenye 3.4 aliyefanya uzamili mzuri wenye hesabu nzito anapokelewa, na nimewaona waliopokelewa.

Hatua ya kwanza: pima hesabu zako bila kujionea huruma

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hawaambiwi. Ukijua kubofya programu za takwimu kama SPSS, au hata ukiwa mzuri kwenye R na Stata, bado hujagusa kile ambacho mtihani wa mwaka wa kwanza wa uzamivu utakuuliza. Kaa mezani na karatasi tupu, simu iwe chumba kingine, ujaribu haya.

Una sampuli ya namba n zilizotoka kwenye mgawanyo sawia kati ya 0 na θ. Tafuta kadirio la θ kwa mbinu ya uwezekano wa juu kabisa. Ukikimbilia difarensiesheni umeshapotea, kwa sababu kilele cha kitendakazi kiko kwenye ukingo na difarensiesheni haikioni. Jibu ni namba kubwa kuliko zote kwenye sampuli. Sasa endelea: thibitisha kwamba wastani wa kadirio hilo ni nθ/(n+1), yaani kwa kawaida linapunja, kisha lirekebishe. Baada ya hapo eleza kwa maneno yako kwa nini mgawanyo wa kadirio hili, sampuli inapokua, haukaribii ule mgawanyo wa kengele tuliouzoea.

Ukimaliza yote matatu bila kufungua daftari, uko vizuri. Ukikwama kwenye la pili, unahitaji kurudi kwenye nadharia ya uwezekano. Ukikwama kwenye la kwanza, anza na kalkulasi. Hakuna aibu, ila usitume maombi mwaka huo.

Orodha ya vitu vya kuweka sawa ni fupi lakini nzito: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari (matriksi, thamani za aigeni, makadirio kwenye nafasi ndogo), uchambuzi wa namba halisi, nadharia ya uwezekano, na nadharia ya ukadiriaji. Nadharia ya vipimo (measure theory) utaikuta hukohuko, ingawa ukionja kabla itakupunguzia mshtuko. Kama ningelazimishwa kuchagua moja tu, ningechagua uchambuzi wa namba halisi, kwa sababu ndio unaokufundisha kuandika uthibitisho badala ya kukokotoa tu. Walimu wa hisabati mna faida hapa: wengi wenu mliwahi kulipita somo hilo chuoni, hata kama mlilipita kwa sapu.

Yape mambo haya mwaka mzima wa jioni. Tafuta mwenzako mmoja wa kusahihishana naye, maana uthibitisho ulioandika mwenyewe utauona sahihi siku zote.

Upande wa programu, jifunze R vizuri; ni ya bure, na watakwimu wengi duniani wanaitumia. Python iwe ya pili. LaTeX, programu ya kuandikia maandishi yenye hesabu, ni lazima, kwa sababu tasnifu yenye fomula kurasa mia mbili kwenye Word itakukosesha usingizi.

Hatua ya pili: uzamili, kama bado huna

Marekani vyuo vingi huingiza mtu moja kwa moja kwenye uzamivu kutoka shahada ya kwanza, na uzamili unaupata njiani. Ulaya na kwetu Afrika, uzamili ni lazima mara nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uzamili wa takwimu. AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003, ina vituo nchi kadhaa ikiwemo Rwanda na Ghana na hulipia wanafunzi wake. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika iliyoko chuo cha JKUAT, Juja nchini Kenya, ina hisabati yenye mkondo wa takwimu kwa uzamili na uzamivu, kwa ufadhili wa Umoja wa Afrika. Hasselt, Ubelgiji, imesomesha watakwimu wengi wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi.

Chagua uzamili wenye tasnifu. Ule wa kozi tupu unamaliza haraka lakini unakuacha bila kitu cha kumwonyesha msimamizi.

Hatua ya tatu: swali, na hapa tukae kidogo

Mapendekezo mengi ya utafiti kutoka kwetu yana sura moja: "Mambo yanayohusiana na udumavu wa watoto mkoani Iringa", halafu rigresheni ya lojistiki, halafu mapendekezo kwa serikali. Ni utafiti wenye maana, lakini idara ya takwimu haiutaki, kwa sababu mbinu yake ilishakamilika kabla wewe hujazaliwa.

Tuchukue udumavu huohuo tuone unavyogeuka kuwa swali la takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha jambo linaloumiza kichwa: kitaifa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni kama asilimia 30, lakini Iringa ni karibu asilimia 57, na Njombe na Rukwa ni karibu nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage. Mganga mkuu wa wilaya anayesoma namba hiyo atauliza mara moja: kata gani? Na utafiti hauwezi kumjibu, maana sampuli yake iliundwa kutoa makadirio ya mkoa. Ukiigawa kwa kata, nyingine zitabaki na watoto wachache mno, nyingi zaidi hazitakuwa na hata mmoja.

Hilo linaitwa tatizo la ukadiriaji wa maeneo madogo. Fay na Herriot walitoa modeli yake maarufu mwaka 1979 walipokuwa wanakadiria kipato cha maeneo madogo ya Marekani: unaazima nguvu kutoka kwenye sensa na taarifa nyingine ili kuimarisha kadirio dhaifu. Sensa yetu ya tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na ina taarifa hadi ngazi ya chini, kwa hiyo malighafi ipo. Lakini ukiishia kutumia modeli hiyo kwa kata za Mufindi, bado umefanya uzamili.

Sasa songa hatua moja zaidi. Ili kulinda siri za kaya, tafiti za aina hii husogeza makusudi alama ya mahali pa kila kundi la kaya kabla ya kutoa data: hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 vijijini, na sehemu ndogo ya makundi ya vijijini hadi 10. Kwenye tambarare za Usangu kilomita tano hazibadilishi kitu kikubwa. Makete au Rungwe, kilomita tano zinaweza kukutoa bondeni kwenye migomba zikakupandisha mlimani kwenye viazi na baridi ya kuganda. Ukichukua mvua, mwinuko au umbali wa zahanati kutoka kwenye ramani kwa kutumia alama iliyosogezwa, umeingiza kosa la upimaji ambalo ukubwa wake unategemea umbo la ardhi. Je, modeli inapotoka kwa kiasi gani? Kuna kadirio linaloweza kurekebisha upotofu huo kwa kutumia ramani ya mwinuko? Linathibitishwaje?

Hapo una mwanzo wa tasnifu. Ina hesabu mpya, ina uigaji wa kompyuta, na ina mfano halisi ambao profesa wa Munich au Cape Town hana namna ya kuuona akiwa ofisini kwake. Wewe unayepanda basi la Makete unauona dirishani.

Maswali ya namna hii yametapakaa huku. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wanafanya majaribio ya mbegu kwenye mashamba ambayo rutuba inabadilika hatua kwa hatua. Ni ndugu wa tatizo lililompa mtakwimu R. A. Fisher kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kuanzia 1919, na usanifu wa majaribio tunaousoma leo ulitoka kwenye mashamba yale. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimefuatilia washiriki wa tafiti za VVU na kifua kikuu kwa miaka mingi, na wanaoacha kurudi kliniki huwa hawaachi kwa bahati nasibu, jambo linalovuruga uchambuzi wa muda wa kuishi. Shamba la miti la Sao Hill lina tatizo la kukadiria ujazo wa mbao kwa kupima miti michache. Mto Ruaha Mkuu una miaka ya ukame na mafuriko kwa yeyote anayependa takwimu za matukio ya kupindukia.

Kipimo changu ni kimoja. Futa neno "Iringa" kwenye kichwa chako cha utafiti. Kama mtakwimu wa Brazili bado ataona kitu cha kujifunza, una swali la takwimu.

Hatua ya nne: msimamizi

Usitafute vyuo, tafuta makala. Soma makala za karibuni kuhusu swali lako, andika majina yanayojirudia, kisha angalia watu hao wako wapi. Orodha ya watu kumi inatosha kuanza.

Barua pepe ya kwanza iwe fupi, isizidi aya tatu. Aya ya kwanza: wewe ni nani, umesoma nini, unafanya kazi wapi. Ya pili: makala yake ipi umeisoma, na ni kitu gani mahsusi ndani yake kimekugusa au kimekushinda. Ya tatu: swali lako kwa sentensi mbili, na ombi la wazi, kwamba je, anapokea wanafunzi mwakani? Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na nakala ya matokeo. Zile salamu zetu ndefu za "ni matumaini yangu u mzima wa afya" ziache nyumbani; kwa profesa anayepokea barua nyingi kwa siku, zinafanana na barua iliyotumwa kwa watu mia. Asipojibu baada ya wiki mbili au tatu, kumbusha mara moja tu, halafu songa mbele.

Akikujibu, mtafute mwanafunzi wake wa sasa na umuulize mambo ambayo profesa hatakwambia: anasoma rasimu kwa muda gani, wanafunzi wake wanamaliza, wanaondoka na makala ngapi. Msimamizi maarufu asiyesoma rasimu atakuchelewesha kuliko mhadhiri kijana mwenye muda.

Ukibaki nchini, omba msimamizi wa pili wa nje. Watakwimu wenye uzamivu nchini wamebanwa na ufundishaji, na swali lako linaweza kuwa nje ya wanachofanya.

Hatua ya tano: fedha

Sasa tuulize swali lile. Njia kubwa ni hizi.

Marekani, idara nyingi za takwimu humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na kumpa posho kwa kazi ya kufundisha au kusaidia utafiti, kwa miaka kama mitano. Mwisho wa kuomba huwa Desemba au Januari. Ada ya maombi inaumiza, kwa hiyo andika kuomba msamaha wa ada kabla. Vyuo vingi vina utaratibu huo. Masharti ya viza hubadilika, yaangalie kabla hujatumia hata shilingi.

Sweden na Norwei, mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa anayelipwa mshahara, na nafasi hutangazwa kama kazi kwenye kurasa za ajira za vyuo. Unaomba nafasi moja yenye mada iliyokwisha kupangwa, kwa hiyo barua yako ijibu tangazo hilo hilo. Ujerumani kuna mikataba ya namna hiyo, na kuna DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, ambayo pia hufadhili watu kusoma ndani ya Afrika. Uingereza, ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mkondo wa uzamivu kwa nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania imo. Kwa upande wa takwimu za afya, angalia SSACAB, muungano wa vyuo vya Afrika wa takwimu za afya, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Halafu mwajiri. Mtumishi wa umma asiondoke bila ruhusa ya masomo ya maandishi. Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi mapema, na usome mkataba wa kurudi kazini mstari kwa mstari kabla ya kusaini.

Makaratasi

Haya yapite haraka, ila anza miezi sita kabla. Majina kwenye vyeti vyote, kitambulisho cha NIDA na pasipoti yafanane. Yakitofautiana, kamilisha hati ya kiapo au ya kubadili jina sasa hivi. Pasipoti ni shilingi 150,000. Nakala rasmi ya matokeo iombe chuoni mapema, kwani wiki ya mwisho kila mtu anaiomba. Mtihani wa Kiingereza panga pamoja na safari nyingine ya Dar es Salaam, na uulize kwanza kama barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza inakubalika. Barua za mapendekezo ni tatu: angalau mbili zitoke kwa watu waliokufundisha hesabu. Barua ya mkuu wa wilaya haina uzito wowote hapa, hata kama anakupenda.

Ukishaingia: data, vibali na upweke

Kama utakusanya data mwenyewe, hesabu muda wa vibali kama sehemu ya utafiti. Utafiti wa afya unapita kwenye kamati ya maadili ya NIMR. Mgeni anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kisha kuna ngazi: barua kwa katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Usiruke hata mmoja. Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zisome mwenyewe badala ya kusimuliwa.

Ushauri wangu kwa mtakwimu ni kuepuka kukusanya data kabisa, ukiweza. Mkusanyiko unakula mwaka na tasnifu haikui hata ukurasa. Data za utafiti wa kaya unaorudiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulioanza 2008/09, zinapatikana bure kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, na sampuli za sensa za 1988, 2002 na 2012 ziko IPUMS, hifadhi ya mtandaoni ya data za sensa.

Mwaka wa kwanza, shika mitihani na kusoma. Kuanzia wa pili, andika kila wiki, hata ukurasa mmoja wa lemma (hatua ndogo ya uthibitisho) isiyokamilika. Kila uigaji wa kompyuta uhifadhiwe na mbegu yake ya namba nasibu, yaani namba inayoianzisha, ili mtu akiurudia apate kilekile. Uigaji mrefu usiufanye kwenye kompyuta mpakato ya nyumbani. Umeme wa Mbeya ukikatika saa nane usiku, kazi ya siku tatu imekwenda. Omba seva ya chuo cha msimamizi, na uandike programu yako ihifadhi matokeo kila baada ya hatua.

Anayesoma huku akifundisha Iyunga au Iringa atakutana na tatizo lingine: hakuna wa kuzungumza naye. Hakuna semina ya takwimu mjini. Itengenezeni. Watu wa data wa NIMR, watafiti wa Uyole na wahadhiri wa hisabati wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, wako mji mmoja, na watu wanne wanaokutana Jumamosi moja kwa mwezi, kila mmoja akieleza makala moja ubaoni, wanatosha. Ubaoni, si kwa slaidi. Slaidi huficha pale ambapo msomaji hakuelewa.

Vyuo vingi vya ukanda huu hudai makala zilizochapishwa au kukubaliwa kabla ya kutetea tasnifu. Majarida ya takwimu yanachelewa, mwaka mmoja kwa tathmini ni kawaida, kwa hiyo makala ya kwanza itoke mikononi mwako kabla mwaka wa pili haujaisha. Jihadhari na majarida yanayokuahidi kuchapisha ndani ya wiki kwa malipo. Kamati itayatambua kwa majina.

Siku ya kutetea, watahini watakuuliza zaidi kuhusu sharti ulilolichukulia rahisi kuliko kuhusu matokeo uliyojivunia. Pitia kila "tuchukulie kwamba" ndani ya tasnifu na uwe na jibu la kitakachotokea sharti hilo likivunjika.

Na kama ulisomea nje, kabla hujarudisha barua ya kuripoti kazini, peleka cheti na nakala ya matokeo TCU, tume ya vyuo vikuu, ili shahada itambuliwe. Maombi hufanyika kwa mtandao. Fanya hivyo wiki uliyopokea cheti, ukiwa bado na ufunguo wa mfumo wa chuo ulichotoka, maana wakihitaji uthibitisho wa ziada, kuupata ukiwa Tukuyu ni kazi nyingine.